Kwa nini jogoo bingwa na tetea bingwa huzaa watoto wasiofaa maonyesho

Mtu ananunua jogoo aliyeshinda kwenye maonyesho ya kuku wa mbegu safi. Siku hiyohiyo anamnunua na tetea aliyeshinda upande wa majike, wa aina ileile na rangi ileile. Wote wawili wamepita mikononi mwa jaji, wamefunuliwa mabawa, wamekaguliwa hadi kucha, wakapewa alama za juu. Anawaweka banda moja, anakusanya mayai, anatotolesha. Watoto wakikomaa anawatazama na kuishiwa nguvu: majogoo wamepauka, matetea wamekuwa weusi kupita kiasi, na hakuna hata mmoja wa kumrudisha mbele ya jaji.

Hakutapeliwa. Ikiwa kuku hao ni wa aina ya Plymouth Rock, wale wa milia, hayo ndiyo matokeo ya kutarajiwa, na wafugaji wa Marekani wanayajua kwa zaidi ya miaka mia moja. Jaji anamchagua kuku kwa jinsi anavyoonekana leo. Mfugaji anamchagua kwa watoto atakaowaacha. Kazi hizo mbili zinafanana kwa macho, lakini mara nyingi zinavutana, na anayetaka kuingia kwenye ufugaji wa kuku wa mbegu safi, awe Ohio au Dodoma, heri aelewe mvutano huo kabla hajatoa fedha yake.

Kitabu cha jaji

Maonyesho ya kuku yalishika kasi Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1835 kupiga marufuku mchezo wa kupiganisha majogoo. Kuku walibaki, na hamu ya kushindana ikabaki. Mwaka 1845 yalifanyika maonyesho kwenye bustani ya wanyama ya London, na miaka hiyohiyo meli zilianza kuleta kutoka bandari za China kuku wakubwa wenye manyoya hadi miguuni, ambao Wazungu walikuwa hawajawahi kuona mfano wao. Ng'ambo ya pili ya bahari, Boston, maonyesho ya kwanza yalifanyika mwaka 1849. Bei zikapaa. Zikaja na ugomvi: kuku mmoja aliitwa majina matatu, na mshindi wa mji huu alitupwa nje mji wa jirani, kwa sababu kila jaji alikuwa na vigezo vyake kichwani.

Waingereza walichapisha vigezo vya maandishi mwaka 1865. Wamarekani walikutana Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1873, wakaunda American Poultry Association, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao. Kitabu hicho, ambacho leo kinaitwa Standard of Perfection, kimekuwa kikirekebishwa tangu wakati huo na bado ndicho kinachoamua Marekani. Uingereza vigezo viko chini ya Poultry Club of Great Britain, iliyoanzishwa mwaka 1877. Vitabu hivyo viwili havikubaliani katika kila jambo. Araucana wa Marekani hatakiwi kuwa na mkia kabisa; Araucana wa kawaida wa Uingereza ana mkia wake. Kwa hiyo kabla ya kumwita kuku "bora" inabidi kwanza useme ni bora kwa kitabu gani.

Ndani ya kitabu kila aina imeelezwa kipande kwa kipande, na kwa desturi alama zake hujumlishwa hadi 100: umbo, uzito, kichwa, macho, mabawa, mkia, miguu, kisha rangi ya kila eneo la manyoya. Plymouth Rock, kwa mfano, anatakiwa jogoo mzima awe na kilo 4.3 hivi na tetea kilo 3.4. Upanga wa kichwani uwe mmoja, umesimama wima, wenye meno 5. Ndewe ziwe nyekundu, macho yawe ya kahawia yenye wekundu, miguu iwe ya njano.

Kasoro ni za namna mbili, na mgeni akizichanganya anaharibu mambo. Zipo zinazopunguza alama, kama upanga wenye meno 6 badala ya 5. Zipo zinazomtoa kuku mashindanoni moja kwa moja hata kama sehemu nyingine zote ni safi: jino lililochipuka ubavuni mwa upanga, mkia uliolala upande mmoja, uti wa mgongo au mdomo uliopinda, unyoya hata mmoja mdogo kwenye mguu wa aina inayotakiwa kuwa na miguu mitupu. Nyingi za kundi hili la pili ni za kurithi, na ndiyo maana kitabu kina ukali nazo. Kuku wa namna hiyo hafai kuzalishwa hata kama maonyesho huyajali.

Milia ya Plymouth Rock

Sasa turudi kwa yule mnunuzi. Plymouth Rock wa milia alionyeshwa mara ya kwanza Worcester, Massachusetts, mwaka 1869, na alikuwamo katika kitabu cha mwaka 1874. Mwili wake wote una milia ya kupishana, mweusi na mweupe wa kijivujivu. Mshike mkononi, nyanyua unyoya mmoja wa mgongoni na uufuate kwa kidole hadi kwenye ngozi. Milia inatakiwa ikate unyoya moja kwa moja bila kujipinda katikati, iwe na ukingo mkali, iendelee hadi kwenye malaika ya chini yanayogusa ngozi, na ncha ya unyoya iishie kwa weusi mwembamba. Kuku mwenye milia mizuri juu na kijivu kitupu chini anaonekana vizuri akiwa mbali tu.

Milia hiyo inatokana na jeni moja ambayo, unyoya unapoota, hukatiza utengenezaji wa rangi nyeusi kwa vipindi. Rangi ikikatika unatokea mlia mweupe, ikirudi, mweusi. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya jinsia inayoitwa Z. Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Kwa kuku ni kinyume. Jogoo ana Z mbili, tetea ana Z moja na W moja. Maana yake ni kwamba jogoo wa mbegu safi ana nakala mbili za jeni ya milia, na tetea hawezi kuwa na zaidi ya moja.

Nakala mbili zina nguvu kuliko moja. Kaka na dada waliotoka kwa wazazi walewale hawafanani rangi: kaka ana weupe mpana na anaonekana amepauka, dada ana weusi mpana na anaonekana mzito. Hilo ni umbile lao na halina dawa.

Lakini waonyeshaji walitaka jogoo na tetea wakiwekwa vizimba vya jirani wawe na rangi ya kulingana. Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Ili upate jogoo mwenye weusi wa kutosha, lazima umtoe kwenye ukoo ambao kwa ujumla wake ni mweusi kupita kawaida, na dada zake katika ukoo huo watakuwa weusi mno kwa maonyesho. Ili upate tetea mwenye weupe wa kutosha, lazima umtoe kwenye ukoo uliopauka kwa ujumla, na kaka zake watakuwa weupe mno. Wafugaji wakaanza kuweka koo mbili kabisa za aina moja, moja ya kuzalisha majogoo ya maonyesho na nyingine ya kuzalisha matetea ya maonyesho, zisizochanganywa.

Mnunuzi wetu alichukua jogoo wa ukoo mweusi akampandisha kwa tetea wa ukoo uliopauka. Watoto wakaangukia katikati, na katikati ndipo umbile linapojidhihirisha: majogoo yamepauka kuliko kigezo, matetea ni meusi kuliko kigezo.

Ukilielewa hili, mambo kadhaa yaliyokuwa yanashangaza yanaeleweka. Utaelewa kwa nini mfugaji mzoefu anaweza kukataa kuuza tetea mweusi ambaye hawezi kushinda chochote: huyo ndiye mama wa majogoo yake. Utaelewa pia kwa nini swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "ameshinda wapi?" Aulize: "Dada zake wakoje? Mama yake yuko wapi nimwone?" Muuzaji asiyeweza kukuonyesha ndugu wa kuku anayekuuzia amekuuzia picha tu.

Mfumo huu wa koo mbili una lawama zake, na naziona ni za haki. Unahitaji mabanda mara mbili, chakula mara mbili, na unalazimisha nusu ya kuku wako wawe wa nyuma ya pazia. Wapo wafugaji wanaofuga ukoo mmoja na kukubali kwamba jogoo wao atakuwa mweupe kidogo kuliko tetea. Anayeanza na mabanda mawili matatu afuate njia hiyo, au achague aina ya rangi moja tupu, kwanza ajifunze umbo.

Kuna jambo la ziada kwenye milia. Ukoo wa maonyesho huota manyoya polepole, na upole huo ndio unaosaidia kutoa mlia mwembamba wenye ukingo mkali. Mfugaji anayechagua vifaranga wanaowahi kuota manyoya, kama tulivyozoea kwa kuku wa nyama, taratibu ataona milia inapanuka na kufifia, naye asijue kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeifuta.

Rangi na manyoya yasiyotulia

Milia ni fundo kubwa, lakini si pekee. Andalusian wa bluu ni mfano unaofundishwa darasani. Bluu yake inatokana na nakala moja ya jeni inayopunguza weusi. Mpandishe wa bluu kwa wa bluu: kwa wastani robo ya watoto ni weusi, nusu ni wa bluu, robo ni weupe wenye madoa. Utapandisha mabingwa wa bluu kwa mabingwa wa bluu hadi uzeeke, nusu ya vifaranga bado haitakuwa ya bluu. Ukimpandisha mweusi kwa yule mweupe wa madoa, ambao wote wawili hawana nafasi kwenye kizimba cha Andalusian, vifaranga wote wanatoka wa bluu.

Wasomaji wa huku kwetu wanamjua kidimu, kuku mwenye manyoya yaliyojigeuza kuelekea kichwani. Uingereza na Marekani kuna kidimu wa maonyesho, na kanuni yake ni ileile. Nakala moja ya jeni inatoa manyoya yaliyojikunja vizuri. Nakala mbili zinatoa manyoya membamba, makavu, yanayokatika, hadi kuku anabaki na sehemu za mwili zilizo wazi na kupata taabu ya baridi. Kwa hiyo mfugaji makini hampandishi kidimu kwa kidimu mwaka hadi mwaka. Anampandisha kwa ndugu yake mwenye manyoya ya kawaida, akapata nusu kwa nusu. Kijijini kwetu jambo hilo hutokea lenyewe, kwa sababu kidimu ni wachache na wenzi wao wengi ni wa kawaida.

Baya kuliko hilo ni jeni ya miguu mifupi ya kuku wadogo wa Kijapani. Kifaranga akirithi nakala mbili hufia ndani ya yai. Mfugaji anayepandisha mfupi kwa mfupi anapoteza robo ya vifaranga kabla hawajaanguliwa, akailaumu mashine.

Kuhusu upanga, tuna ushahidi wa zamani. Mwaka 1902 mwanasayansi Mwingereza William Bateson alipoonyesha kwamba kanuni za Mendel za kurithi, zilizogunduliwa kwenye njegere, zinafanya kazi kwa wanyama pia, upanga wa kuku ulikuwa miongoni mwa mifano yake. Kuku wa aina ya Wyandotte anatakiwa kuwa na upanga uliolala bapa, wenye vinundu, unaoishia kwa ncha moja nyuma. Jeni ya upanga huo inatawala: nakala moja inatosha kuuonyesha. Wafugaji wamechagua upanga bapa kwa zaidi ya karne nzima, na bado kila mwaka vifaranga wenye upanga wa kusimama wanachomoza kwenye koo safi kabisa.

Maelezo kamili yalipatikana mwaka 2012. Watafiti waligundua kwamba upanga bapa umetokana na kipande kirefu cha kromosomu kilichogeuzwa, na kugeuzwa huko kumevunja jeni nyingine inayohusika na nguvu ya mbegu za kiume. Jogoo mwenye nakala mbili, yaani yule aliye safi kwa kigezo cha kitabu, mbegu zake huogelea vibaya. Jogoo mwenye nakala moja hana tatizo hilo. Wakiwa pamoja bandani, huyu wa pili ndiye anayepata watoto wengi, na anaendelea kuusambaza upanga wa kusimama. Ndiyo sababu wafugaji wengine wa Wyandotte huweka kwa makusudi tetea mmoja mwenye upanga wa kusimama kwenye banda la kuzalishia. Jaji angemtoa mashindanoni bila kusita; bila yeye, mayai mengi yasingekuwa na mbegu.

Umbo kwanza

Wafugaji wa Marekani wana msemo wao: jenga banda kwanza, kisha ulipake rangi. Nakubaliana nao kabisa. Rangi nyingi zinaongozwa na jeni chache, na mtu mvumilivu anaweza kuzirekebisha kwa vizazi vichache. Umbo, yaani upana wa mgongo, kina cha mwili, mkao wa miguu, linaongozwa na jeni nyingi kila moja ikichangia kidogo. Ukilipoteza kwa kufukuzia rangi, kulirudisha ni kazi ya miaka.

Umbo linashikwa kwa mkono kuliko linavyoonekana kwa jicho, hasa kwa aina zenye manyoya mengi kama Brahma na Orpington, ambao wanaweza kuficha mwili mwembamba chini ya mto wa manyoya. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka mbele hadi nyuma: uwe mrefu, ulionyooka, usio na shimo. Weka kiganja mgongoni kati ya mabega, kisha kisogeze nyuma hadi kwenye mzizi wa mkia. Upana usikatike ghafla. Fungua bawa na uangalie kama manyoya yanapangana bila pengo katikati. Mwache atembee. Kuku aliyesimama kwenye meza anaweza kuficha magoti yanayogongana, lakini akitembea hawezi.

Uchaguzi wenyewe hufanyika kwa awamu. Siku ya kuanguliwa unatoa wenye vidole vilivyopinda na midomo iliyopishana. Karibu na wiki ya 8 upanga umeshajieleza, na unyoya mdogo kwenye mguu mtupu unaonekana. Miezi minne hadi mitano ni kipindi cha hatari, kwa sababu aina kubwa zinakuwa ndefu, zenye mifupa, zisizo na sura, na mfugaji asiye na subira huchinja pora ambaye angejaza mwili baadaye kuliko wote. Uamuzi wa mwisho usubiri manyoya ya utu uzima.

Kuku anayeweza kutufundisha hili kwa karibu ni Australorp mweusi, ambaye Watanzania wengi wanamjua kama kuku wa Malawi, kwa sababu serikali ya Malawi iliwazalisha na kuwasambaza vijijini kwa miaka mingi. Asili yake ni Orpington weusi wa Uingereza waliochaguliwa upya Australia kwa ajili ya mayai. Kwa jina hilo la Malawi sokoni huuzwa karibu kila kuku mweusi mnene, kwa hiyo mpindue umwangalie nyayo. Zinatakiwa ziwe nyeupe. Manyoya yawe na mng'ao wa kijani juani. Mng'ao wa zambarau ni kasoro. Macho yawe ya giza. Wakati huohuo usishtuke ukiona vifaranga wake wana weupe tumboni na kwenye ncha za mabawa. Weupe huo huondoka manyoya yakibadilika, na wapo waliowaondoa vifaranga safi kabisa kwa kutolijua hilo.

Nyayo za njano kwa Australorp zina maana zaidi ya kasoro ya kuku mmoja. Ngozi ya njano hujitokeza pale tu kifaranga aliporithi jeni yake kwa baba na kwa mama. Ukimpata mmoja, wazazi wote wawili wanaibeba, na kumwondoa kifaranga huyo peke yake hakujasafisha chochote. Dawa ni kumjaribu jogoo. Mpandishe kwa tetea mwenye nyayo za njano. Kama naye anaibeba, karibu nusu ya vifaranga watatoka na njano. Vifaranga 7 wakitoka wote na nyayo nyeupe, unaweza kumwamini: angekuwa anaibeba, nafasi ya kuwapata 7 bila hata mmoja wa njano ni 1 kati ya 128. Watoto wa jaribio hilo si wa kuzalishia, wote wanaibeba. Wanakwenda kwenye mayai ya kula na nyama.

Kumtafutia mwenza

Kosa linalorudiwa sana ni kupandisha kasoro kwa kasoro ya upande wa pili, kwa matumaini kwamba zitakutana katikati: tetea mwenye mkia ulioinuka mno kwa jogoo mwenye mkia uliolala mno. Kizazi cha kwanza kinaweza kukudanganya. Kizazi cha pili mikia inatawanyika kote kuwili. Mwenye mkia ulioinuka mpe mwenza mwenye mkia sahihi. Na wawili wenye kasoro ileile, hata iwe ndogo kiasi gani, wasikutane bandani.

Matetea yanahitaji jicho la pili, la mayai. Tetea wa Plymouth Rock anayetaga vizuri hupoteza njano ya miguu polepole, kwa sababu rangi hiyo huenda kwenye viini. Anayebaki na miguu ya njano iliyokoza katikati ya msimu wa kutaga huenda anapendeza kwa sababu hatagi. Pima kwa vidole nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga karibu na tundu la kutagia: kwa anayetaga zinaingia ncha za vidole viwili hadi vitatu, kwa asiyetaga mifupa imebanana. Rhode Island Red ni onyo kwetu sote. Leo kuna mwekundu mzito wa maonyesho na kuna mwekundu mwepesi wa mayai, wana jina moja, na ni kama ndugu waliogawana mirathi. Mimi naona mfugaji wa maonyesho anayepuuza mayai anaiharibu aina anayodai kuilinda, maana wengi wa kuku hawa waliumbwa na wakulima waliotaka kula.

Bila kumbukumbu, hayo yote ni kubahatisha. Njia ya zamani na ya bei ndogo ni kutoboa tundu dogo kwenye utando kati ya vidole vya kifaranga siku ya kwanza. Miguu miwili ina tando nne, kwa hiyo unapata alama 16 tofauti, kila moja kwa familia yake. Kujua tetea gani ametaga yai gani kunahitaji kiota cha mtego, kinachojifunga akiingia, na mtu wa kumfungulia mara kadhaa kwa siku. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayokuonyesha kwamba tetea wako mzuri kuliko wote hajawahi kukupa mtoto wa maana, na yule wa pembeni ndiye mama wa wote uliowapenda.

Mbegu safi zina damu ya karibu kwa lazima, na hapo ndipo ukoo hufa usipoangalia. Kaka akipanda dada, robo ya jeni za mtoto zinaweza kuwa nakala pacha kutoka kwa bibi na babu. Hivyohivyo baba akipanda binti. Ukirudia mara chache, kasoro zilizojificha zinatoka hadharani, kisha mayai yanapungua kutotoka na vifaranga wanadhoofu. Njia rahisi ya kujikinga ni kugawa kundi kuwa familia tatu. Mabinti wanabaki kwenye familia ya mama yao. Majogoo wanahama kila mwaka: wa kwanza kwenda ya pili, wa pili kwenda ya tatu, wa tatu kurudi ya kwanza. Hivyo kaka hampati dada kamwe, na kundi linaweza kwenda miaka mingi bila damu ya nje.

Damu ya nje ikilazimika kuingia, iingie kwa tetea mmoja, tena kwenye banda la pembeni. Jogoo mgeni aliyewekwa kwenye kundi zima anakuwa baba wa kila kifaranga wa mwaka huo, na kasoro yake iliyojificha inakuwa ya kundi zima. Tetea mgeni anaharibu, kama ataharibu, watoto wake tu. Wapandishe watoto hao wenyewe kwa wenyewe mara moja uone kilichojificha, ndipo uwaruhusu kuingia kwenye familia. Na kila unapobadilisha jogoo, subiri angalau wiki tatu kabla ya kuweka mayai kwenye mashine, kwa sababu tetea huhifadhi mbegu mwilini mwake kwa siku nyingi, na yai la wiki ya kwanza huenda bado ni la jogoo uliyemwondoa.